Mafuta ya Taa Kwenye Chupa ya Sodiamu

Mwalimu Akida,

Nimekaa maabara, kwenye kiti chako, nusu ya matako nje, kama vile utaingia uniulize nani kanipa ruhusa. Mwezi wa tano huu tangu tukuzike. Maduka ya Tanga yamefunguka: sabuni ipo, sukari ipo, mafuta ya taa unajaza dumu bila foleni. Ungeona haya ungesema kuna jambo. Wewe kila kitu kwako kilikuwa na jambo.

Nakumbuka ulivyowafundisha watoto kwa nini elementi nyingine zimetulia na nyingine hazitulii. Neoni kashiba, ulisema, elektroni zake za nje zimetimia, hana shida na mtu. Sodiamu ana moja ya ziada, haimpi raha mpaka aitoe. Ndiyo maana tunamzamisha kwenye mafuta ya taa, asikutane na hewa wala maji. Mimi mtunza maabara wako nilikuwa nyuma naosha vioo, nasikiliza kuliko wao.

Mafuta hayo hayo, mwaka ule hayapatikani madukani, mtaa wetu wa Mabawa mzima tunalala gizani, yakaanza kupungua chupani. Ulichora mstari kwa wino. Yakashuka chini ya mstari. Ukanitazama, ukasema, "Mwanahamisi, kikulacho ki nguoni mwako," ukaninyang'anya funguo mbele ya kidato cha tatu. Hukuniita mwizi. Afadhali ungeniita, ningekujibu.

Basi nami nikakushuku. Funguo unazo wewe, mafuta bado yanapungua, na kwako taa inawaka. Nani kama si wewe? Nilimwambia jirani, jirani akamwambia mwenzake, maneno yakamfikia mkeo, Bi Mgeni. Siku ya maziko, jeneza likiwa uani, tukaombwa sote tumsamehe marehemu alipotukosea. Wanawake wakaitikia, "Tumemsamehe." Mimi nilifunga mdomo. Bi Mgeni aliniona.

Ulipoondoka funguo zilirudi kwangu, na likizo hii ndefu ilipoanza nilijaza chupa mpaka kwenye mstari wako. Nikafunga kabati, nikafunga mlango, funguo nikazifundika kwenye pindo la kanga. Hata mlinzi sikumwamini; nilinyunyiza unga wa chaki sakafuni nione nyayo. Jana nimefungua. Chaki haijaguswa hata na panya. Mafuta yameshuka upana wa kidole.

Ni kile kitambaa, Mwalimu. Kizibo kilipovunjika na kingine hakikupatikana, uliifunga chupa kwa kitambaa na uzi. Nimekinusa, mafuta matupu. Yalikuwa yakipotea hewani kwa joto hili letu, kidogo kidogo, na sisi wawili tunaojidai watu wa sayansi tunachungana. Nilicheka, kisha nikalia sana. Na hasira ninazo. Mbona hukunusa? Mbona mimi sikunusa?

Nimekusamehe, funguo na aibu yote. Ila mimi nani atanisamehe, na wewe hupo?

Pumzika, Mwalimu wangu. Kesho alasiri akina mama wana kisomo cha kukuombea dua kwa Bi Mgeni. Sikualikwa. Nitakwenda. Nilikuchafua mbele za watu, na mbele ya hao hao nitasema hukuiba. Bi Mgeni asiponikaribisha ndani, nitayasema nimesimama mlangoni, kwa sauti, mpaka na wa jikoni wasikie.

Mwanahamisi