Kadi ya Wapanda Ndege

Ndeti, natoka benki sasa hivi na masikio bado yanawaka.

Nilienda kuomba ile kadi ya mkopo ya wasafiri, inayokupa pointi ukilipia ndege na hoteli. Masharti yote nilikuwa nimeyasoma nikiwa na kamusi, kurasa kumi na nne. Karani akaniuliza nasafiri mara ngapi. Nikamwambia kila mwezi, Nairobi hadi Kisumu, kwa ndege.

Kwa ndege, Ndeti. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akanitazama. "Babu, mimi ni Muhonja wa mama Khavere. Si tulikuwa basi moja la mazishi mwezi uliopita? Ulinilalia begani hadi Kericho."

Foleni nzima ikacheka. Nikawaambia mazishi yangetoa pointi, ningekuwa nimefika Ulaya mara mbili.

"Na hoteli hulali," akasema, "unalala matangani. Utalipa ada ya kadi kila mwaka na pointi huzioni."

Hapo nikasema ukweli. Nina miaka sabini na minne na sijawahi kupanda ndege. Nikifa mtanipeleka nyumbani kwa basi, hilo nalijua. Nataka nipande nikiwa hai.

Akaweka fomu kando. "Basi babu, huhitaji kadi. Unahitaji tiketi moja."

Nimeikata. Ya kwenda tu, kurudi nitarudi na nyinyi.

Ijumaa mkiondoka Makongeni na mwili wa Luseno, msinisubiri. Nitafika kabla ya marehemu.