Nyasi za Shimo la Saba

S.L.P. 80417,
Mombasa.
11 Agosti 1996

Mpendwa dada Kanze,

Salamu nyingi zikufikie huko Eldoret. Shemeji hajambo? Na watoto? Tulisikia kifua kilikusumbua tena. Tafadhali tujulishe waendeleaje. Sisi hapa hatujambo, ila mimi nimechoka mgongo na mikono.

Huniuliza kila mara kazi ya kiwanja cha gofu ikoje. Miezi hii ya baridi ndiyo migumu. Tangu Juni kusi inavuma na kurusha chumvi ya bahari juu ya nyasi, basi kila alfajiri tunaziosha kwa maji matamu. Jua ni haba. Nyasi zikiumia hazirudi upesi.

Mwezi uliopita niliziumiza mimi. Kwa haraka zangu niliteremsha kisu cha mashine kupita kiasi pale shimo la saba, nikazikwangua hadi mizizi. Zikakauka. Msimamizi wetu, Bwana Musyoka, akamshuku Ngala, mwenzangu kazini kwa miaka kumi na minne, tunayepokezana naye mashine, kwa sababu macho yake yameanza kufifia. Akamwambia mwisho wa mwezi atafute kazi kwingine. Ngala akarudi kazini. Nami, dada, nilinyamaza. Siku mbili nzima nilinyamaza.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amepiga magoti palepale, anapandikiza vipande vya nyasi kimoja kimoja, akipapasa udongo kwa vidole.

Nikamwambia, "Ngala, ni mimi niliyekata."

"Najua," akasema. "Mashine ulikuwa nayo wewe. Nilikuwa nakungoja."

Nilikwenda kwa Bwana Musyoka nikasema yote. Amenitoa kwenye mashine. Sasa napalilia kwa mkono na kubeba mchanga kwa karai kutwa. Ngala amebaki kazini.

Mke wangu Sidi hakunilaumu kwa kushushwa. Alinilaumu kwa zile siku mbili.

Nyasi zimeanza kushika, ukiinama utaziona. Ngala hataki tuizungumze habari ile. Saa nne tukipumzika hunikatia nusu ya muhogo wake kama zamani, nami hupokea nikitazama chini.

Nisalimie shemeji na watoto, Stacy na Kenneth. Sidi anakusalimu sana. Mungu akupe afya na pumzi nyepesi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Kahindi