Wanasema Kwao Kumetulia

Jumatano, 9 Machi 1955

Leo wamefika mtaani kwetu. Askari wawili na karani mmoja mrefu, Theophil, nyumba hadi nyumba: nani Mkikuyu hapa? Utadhani wanauliza nani ana upele! Tangu Kenya watangaze hali ya hatari, kila Mkikuyu wa mji huu kawa mtu mwenye panga chini ya godoro. Wanakusanywa, wanapakiwa kwenye lori, wanarudishwa kwao.

Mpangaji wangu wa chumba cha uani, Wangechi, alikuwa barazani anashona. Mwaka wa tano huu yuko kwangu. Mumewe tumemzika hapa hapa Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyepika siku zote za msiba. Basi nikawahi: huyu ni Sitara binti Bakili, mtoto wa marehemu kaka yangu, mzaliwa wa Kilwa. Ulimi haukukwama hata kidogo! Kwetu mtu akishakula chumvi yako miaka yote hiyo, utamwita nani? Mpangaji? Theophil akaandika, wakaondoka.

Wamefika kona, askari mmoja akageuka na kuita, "Sitara!" Wangechi anakanyaga cherehani tu. Akaita tena, "Sitara binti Bakili!" Kimya, kana kwamba anaitwa mbuzi wa jirani. Nikamfinya — nimechelewa. Askari karudi, kamuuliza jina lake. Naye akainua kichwa, akasema mwenyewe: "Naitwa Wangechi. Kwetu ni Nyeri."

Nilitaka kumzaba kibao. Halafu nikaona uso wake, nikaona haya.

Kesho ofisini, sote wawili.

Alhamisi, 10 Machi

Bwana Shauri, Mzungu wa serikali anayeamua mambo ya mji, ni kijana, pua imebabuka kwa jua. Kiswahili chake kizuri, ila anakisema kama anasoma kitabuni. Lori ni Jumatatu, kasema.

Nikamwambia unampeleka akauawe. Akaniuliza nina ushahidi gani. Yeye anao! Ripoti kutoka Nairobi, imepigwa chapa vizuri: upande wa Nyeri kumetulia, watu wamehamia vijiji vipya kwa hiari yao, wanalindwa. Nikauliza nani kaiandika. Serikali ya huko. Ndiyo hiyo hiyo inayowakamata? Kesi ya nyani mmempa ngedere!

Theophil akakohoa. Mimi sikunyamaza.

Wangechi naye kasema yake. Kaka yake kaingia msituni kupigana mwaka wa hamsini na tatu. Mke wa huyo kaka alichukuliwa kambini kuulizwa mumewe yuko wapi, akarudi mkono mmoja haunyanyuki. Kambi hiyo hiyo inamsubiri na yeye. Alisema mara moja, bila machozi. Bwana Shauri kamjibu kwa upole kwamba neno lake peke yake halitoshi, maana ndiye mwenye shida. Ala! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hapa maiti hana ruhusa ya kutoa ushahidi!

Mwisho kakubali jambo moja. Nilete mtu aliyefika kule, akaona kwa macho yake, na asiwe Mkikuyu. Siku ya Jumanne. Lori la Jumatatu litaondoka bila Wangechi.

Jumamosi, 12 Machi

Mtu huyo yupo, na Kariakoo nzima inamjua: Leodegar, Mchagga wa viazi vya jumla sokoni. Novemba alikwenda hadi Karatina, huko huko Nyeri, kutafuta viazi. Aliporudi hakula siku mbili. Mkewe Evarista mwenyewe kaniambia.

Nimemfuata sokoni, naye kaanza kujikunakuna. "Mama Siwema, mimi nina leseni. Wakinifunga mikono, watoto watakula maganda?"

Sikubishana naye. Nilikaa juu ya magunia yake. Mteja akija, anizunguke! Na kila aliyepita nilimweleza kwamba huyu bwana aliona kwa macho, akameza kwa mdomo. Wanawake wa ngoma yetu wakapita, nao wakaketi. Ikawa kama kuna harusi juu ya viazi.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Leodegar akasema haya basi, nitakuja, ila ondokeni kwenye mali yangu. Kacheka kidogo, kisha akaanza kuhesabu magunia yake upya, akakosea mara mbili. Mungu ampe nguvu. Namheshimu zaidi kwa kuwa anaogopa.

Jumanne, 15 Machi

Nimechoka, lakini lazima niandike.

Leodegar kaja na koti la Jumapili. Kaanza chinichini: alipita, aliona moshi, hakuwa na uhakika. Nikamtazama. Kafungua vifungo vya koti, halafu ikatoka yote. Kijiji alikonunua viazi mwaka juzi hakipo, ni majivu na mashina ya migomba. Watu wamejengewa vibanda kwa mistari, wamezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Wanaochimba handaki ni wanawake, na mwenye bunduki kasimama juu yao. Kuna mmoja alikuwa na mtoto mgongoni.

Bwana Shauri kafungua ripoti yake. Mbona hapa wanasema walihama kwa hiari?

"Bwana," kasema Leodegar, "anayehama kwa hiari hubeba kitanda chake. Wale hawakuwa na hata sufuria."

Hata Theophil kaacha kuandika. Nikajua tumeshinda!

Hatukushinda. Bwana Shauri kanigeukia mimi. Wiki iliyopita ulisema huyu kazaliwa Kilwa, mtoto wa kaka yako. Leo unasema kazaliwa Nyeri. Lipi kweli?

Nikamwambia yote mawili. Siku ile karani aliuliza huyu ni wa nani, nikajibu. Leo unauliza katoka wapi, nimejibu. Ukiuliza maswali mawili, kwa nini unashangaa kupata majibu mawili?

Hakupenda. Kasema shahidi akidanganya mara moja, na wenziwe wanachafuka. Masikini Leodegar na koti lake! Basi atahakikisha mwenyewe. Ataandika Nairobi, atatoa jina la Wangechi, jina la mama yake na la kijiji, waulize huko huko kama ni kweli.

Nilitoka kichwa juu. Sijuti! Siku ile ningesema kweli mimi, ningekuwa nimempandisha lori kwa mkono wangu.

Jumatano, 16 Machi

Wangechi hakulala. Asubuhi kaniambia, "Mama Siwema, wamempelekea mama yangu askari mlangoni."

Sikuwa nimeliona hilo. Wanamuuliza chui kama mbuzi yuko salama, halafu wanamwonyesha na zizi!

Nikakimbia ofisini bila kiatu kimoja, kilikatikia njiani. Barua irudishwe. Theophil kasema imeshaondoka. Kaniangalia kwa huruma, nikamwambia huruma yake aitie kwenye chai.

Jumatatu, 4 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tumeitwa. Majibu yamefika.

Theophil ndiye aliyesoma. Mama wa Wangechi kapatikana katika kijiji kipya. Kaulizwa mbele ya chifu na askari, mara tatu. Mara zote kajibu hivi: Sina mtoto wa jina hilo. Sikuzaa binti.

Bwana Shauri anajikuna shingo. Mimi nimeshika benchi, nasema moyoni sasa amevunjika huyu mwanamke.

Wangechi akasema polepole, "Mama ni mzima."

Halafu ndipo akalia. Sijapata kumwona akilia, hata siku ya mumewe. Mama kamkana mwanawe ili wasimpate, na mwana analia kwa furaha na kwa uchungu, vyote kwa mpigo. Mimi nani nisilie? Nililia mbele ya Mzungu, na sioni aibu.

Bwana Shauri kasema basi huyu hawezi kuwa wa kule. Kama si wa kule, hana sababu ya kumrudisha. Lakini lazima awe wa mahali fulani. Karudi kwenye faili, kafika kwenye maneno yangu ya kwanza. Kesho nije na Msahafu. Nishike, niape kwamba ni binti wa Bakili wa Kilwa. Nikiapa, atabaki. Nisipoapa, sote wawili tumedanganya, na lori lipo.

Sijui kama anatusaidia au anatutega. Macho hakuinua.

Jumanne, 5 Aprili

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Naandika kupitisha saa.

Nimetawadha. Msahafu wa baba uko mapajani, nimeufunga kwa kanga mpya. Barazani kusema ni kusema tu. Kuapa ni kitu kingine. Usiku kucha nimeongea na kaka yangu Bakili. Yeye hakuacha mtoto. Alikuwa anapenda watoto wa watu, akiwabeba mabegani mpaka sokoni. Nimemwambia: nakupa huyu, ukikutana na Mola kabla yangu mweleze wewe.

Kule kuna mama kasema uongo mbele ya bunduki. Mimi naogopa kitabu cha Mungu ambaye anajua kila kitu? Anajua nani kachoma nyumba na nani kafungua mlango! Na aniulize mimi. Nitamjibu nikiwa nimesimama.

Lakini Wangechi je? Akiingia humo kama Sitara, mama yake atabaki amemkana moja kwa moja. Nimemwambia kama hutaki, sema, tutatafuta njia nyingine. Anatazama mvua.

Mlango umefunguliwa. Theophil ana karatasi. Anaita —

"Sitara binti Bakili!"

Mimi bado nina kalamu mkononi. Yeye ameshasimama. Anajifunga kanga vizuri, ananipa mkono wake.

"Twende, Shangazi."