Bolti ya Nne

Odhis, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotupatanisha. Kikuria chako kilikuwa matusi matatu tu, na Kiluo changu ulikuwa ukikicheka mpaka unashika ukuta.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike Sindo. Gereji yetu hapa Suna iko vile vile ulivyoiacha, ila ni kimya. Bado nachemsha chai ya watu wawili. Nakunywa kikombe changu, chako nakimwaga nyuma ya ukuta, nikijiambia kesho nitapunguza maji. Sijapunguza.

Gari letu limekaribia kukamilika. Unajua majirani bado wanaliita banda la kuku? Chesisi ya pikapu iliyopinduka, bodi ya mabati tuliyochomelea wenyewe, wangeliita nini kingine! Ulikuwa ukiwajibu, "Hili banda litafika Sindo, na nyinyi mtabaki hapa na kuku wenu." Hukuwahi kulipanda. Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado mbichi, nilikuahidi kwamba nitalileta hadi nyumbani kwenu. Ilikuwa imebaki propela tu, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma.

Wiki jana nikaingia chini yake peke yangu. Bolti nane, nne mbele na nne nyuma, na washa mpya, vile vipete vyenye masikio ya bati, kama ulivyotaka. Sheria yako naijua: anayekaza si anayepinda. Mimi nilikuwa nakaza, wewe unajaribu kila bolti kwa spana yako kwanza, ndipo unagonga sikio la washa lilalie ubavu wa bolti isije ikafunguka kwa mtikisiko. Nilikuwa nakasirika. Nilikuambia mimi si mtoto wa kusahihishwa, nawe ukacheka, ukaendelea kujaribu.

Basi nikakaza zote, nikachukua nyundo nijipindie mwenyewe. Ningemwita nani?

Ndipo Nyar Muhuru, mke wako, akaingia kuchukua ovaroli zako. Aliiona nyundo mkononi mwangu, akauliza, "Shemeji, na nani anapinda?" Kumbe ulikuwa ukimsimulia mambo yetu. Alikuwa ametoka sokoni kuuza dagaa wa omena, na harufu yake bado anayo. Akajifunga leso kiunoni, akatandika gunia, akalala chini ya gari, akanyoosha mkono nimpe spana.

Ya kwanza sawa. Ya pili na ya tatu sawa. Ya nne ikazunguka.

"Hii bado, Shemeji. Inacheza."

Nilimbishia, Odhis. Nilimwambia nimekaza zote. Halafu nikakumbuka. Kila tulipofika ya nne ulikuwa unasema, "Omera, weka spana chini, chai inapoa." Na tukirudi, ni wewe uliyekuwa ukikumbuka tumeachia wapi. Siku hiyo nilifika ya nne, nikaifunga kwa vidole, nikangoja kusikia sauti yako. Nikaweka spana chini, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaanza na ya tano.

Ningeipinda hivyo hivyo, imelegea, nikaingia nayo barabarani. Propela ingeanguka njiani kabla sijaliona ziwa la kwenu, na pengine ningekufikia kwa njia nyingine.

Nililia pale chini, grisi usoni, mbele ya mke wako. Nimekukosa, ndugu yangu. Watu wananiambia nimezoea, na mimi huitikia tu ili waondoke. Yeye alishikilia spana hadi nilipomaliza, kisha akanirudishia. Nikakaza, akajaribu, akapinda. Zote nane. Nyundo alikuwa akiishika karibu na kichwa, ungemcheka sana.

Baadaye tulikunywa chai. Kikombe chako alikinywa yeye, akalalamika kwamba sukari ni kidogo.

Nakuahidi hivi: sheria yako sitaivunja tena. Siku nitakayokosa wa kupinda, gari halitoki, hata mwenye gari akasirike vipi. Na nitajifunza kuita watu. Hilo ndilo gumu kwangu, wewe unanijua.

Lala salama, Odhis. Jumamosi ukisikia banda la kuku likinguruma langoni kwenu, ni sisi wawili, mimi na Nyar Muhuru. Ya nne imepindwa na mke wako.

Wako,
Marwa