Hotuba Ilikatika Kwetu Tu

Jumamosi, Mkolani. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua hamna.

Kwa heshima kubwa nawatangazia wananchi wote kwamba televisheni ya nyumba hii ilizimika leo jioni, katikati ya hotuba ya Rais. Uchunguzi unaendelea. Mkuu wa kaya, ambaye ni mimi, ametoa pole kwa mke wake na kwa binti yao Kabula.

Sasa nieleze kwa nini nimechoka.

Kabula alipokuwa darasa la pili, wimbo wa taifa ukipigwa alisimama wima mbele ya televisheni, mikono ubavuni, na mimi na kitambi changu nikalazimika kusimama pia. Hotuba ikiisha, alitoka nje kuwahutubia kuku.

Alipofika chuo cha ualimu akaanza kubishana na kioo cha televisheni. Kila ahadi na swali lake: lini, wapi, kwa bajeti ipi? Mama yake akamwuliza kama anategemea kujibiwa.

Kisha akahitimu, akaomba ajira serikalini. Tangu hapo tunasubiri.

Siku hizi hotuba ikianza anajiondokea zake barazani, kuwafundisha hesabu watoto wa majirani. Nimebaki mimi kusikiliza kwa niaba yake. Namwita, "Kabula, njoo, amefika kwenye ajira!" Anakuja, kumbe ni za madaktari. Namwita tena, kumbe ni vijana wa vizimba vya samaki.

"Sasa baba, nikawafundishe sato?"

Inaniudhi. Naona kama nashangilia timu ambayo mchezaji mwenyewe ameshavua jezi, akaenda kuoga.

Leo nikaapa sitamwita. Nilinyamaza hata hotuba ilipogeukia elimu. Ndipo akaingia mwenyewe, chaki bado mkononi, akakaa ukingoni mwa stuli. Alikuwa na uso ule ule wa darasa la pili.

Mara kioo kikawa cheusi.

"Umeme umekatika," nikasema, nikitokea korido. "Hawa watu bwana."

Dirishani sauti ya hotuba iliendelea kuingia, safi kabisa, kutoka kwa jirani yetu Mama Doto.

"Baba, umeme wa Mama Doto unatoka nchi gani?"

"Wao wako laini nyingine."

"Nguzo si hiyo hiyo moja?"

Mke wangu akaangalia dari.

Basi, ukweli wenyewe ni huu. Umeme haukukatika. Nilinyanyuka kana kwamba naenda kunywa maji, nikashusha swichi kubwa. Dharau yake nimeizoea, na ubishi wake naupenda, ingawa sijawahi kumwambia. Ila uso ule wa kungoja, dakika moja kabla ya kuambiwa ndiyo au bado, sikuuweza.

Alikwenda korido mwenyewe, akaipandisha. Picha iliporudi, hotuba ilikuwa imeshafika kwenye barabara. Hakunigombeza. Alisogeza stuli karibu na kiti changu, tukasikiliza barabara mpaka zikaisha. Wimbo wa taifa ulipopigwa akasimama, nami nikajikongoja nikasimama.

Kilichosemwa kuhusu walimu sijakitafuta kwenye simu. Na yeye hajakitafuta. Simu zote mbili ziko hapa mezani, zimejaa chaji.