Shamba la Kulinganishia

2 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, wewe na Bibi, na goti lake limetulia. Mimi mzima, ila kazi imenikaba koo. Simu tuiache. Jana nilipiga kelele ili unisikie mpaka ofisi nzima ikajua habari za goti la Bibi. Nitaandika, na dereva wa gari la mradi atakuletea barua kila akija huko.

Nina ombi. Ule utafiti wetu umepata kibali. Kuna majani tunayapanda kati ya mistari ya mahindi, yana harufu inayomfukuza nondo, yule kipepeo anayezaa viwavi, kabla hajataga mayai. Hakuna sumu, udongo haudhuriki, maji ya kijito yanabaki salama. Tukifaulu, wakulima wataacha kunyunyizia yale madawa yanayowatoa machozi.

Ila ili tujue majani yanafanya kazi, tunahitaji mashamba ya aina mbili. Nusu yatapandwa majani. Nusu nyingine yataachwa bila kinga yoyote, ndipo tulinganishe. Nani aingie upande gani, itapigwa kura. Watu wa huko hawatujui sisi, Baba, lakini wewe wanakujua. Ukijiunga, nao watajiunga. Nakuomba.

Msalimie sana Bibi.

Mwanao

*

21 Machi

Kwako mwanangu, Daktari wa Majani,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la Bibi yako bado linatabiri mvua, na linakosea kama redio.

Profesa wenu alifika na kofia yake imejaa vikaratasi. Mtu mrefu, mpole, anakula maneno yake kama anayaonea huruma. Nilijiunga mbele ya watu wote, nikasema mradi huu ni wa mwanangu. Kweli wakapanga foleni nyuma yangu, hata yule jirani yetu fundi baiskeli, ambaye hukubali jambo baada ya kulikataa mara tatu.

Nilipoingiza mkono nikatoa kikaratasi cheupe. Profesa akanishika bega akaniambia, "Mzee, wewe ni wa kulinganishia." Alilisema kama cheo. Fundi naye kapata cheupe. Waliopata chenye alama ya kijani wamepewa miche yao ya majani wakaondoka nayo kifua mbele, utadhani wameoa.

Si kitu. Lazima mmoja awe huku ili mwingine aonekane kule. Nimeshapanda, na mvua imekuja vizuri.

Babako

*

30 Aprili

Mwanangu,

Habari za kazi? Huku tu wazima wa mwili.

Viwavi wamekuja. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, kijani cha kupendeza. Jumapili nikaona matundu madogo kwenye majani, na leo ukifunua kiini cha mmea unamkuta amekaa ndani kama mpangaji aliyelipa kodi. Wapo kila mstari.

Miaka mingine nilikuwa natoka asubuhi na kopo, nawaokota mmoja mmoja, na wale wa ndani nawatilia mchanga na majivu. Siokoi shamba zima, lakini tunapata cha kula. Kijana wenu anayekuja kupima amesema hilo nalo ni kinga, haliruhusiwi. Nimeona nikuulize wewe mwenyewe. Niwaokote au nisiwaokote?

Nijibu upesi. Hawa hawasubiri barua.

Babako

*

5 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, na nikaisoma tena nimekaa.

Nilimwendea Profesa. Nilimwambia kuokota kwa mkono si dawa. Akasema kila mkulima akiokota kwa kadiri ya nguvu zake, hatutajua tena tunapima majani au tunapima mikono ya watu. Kwa upande wa kazi, Baba, ana haki. Hata mimi nisingeweza kumpinga mbele ya wenzangu.

Kwa hiyo nakuomba usiwaguse. Ni msimu huu tu. Mradi umeahidi kwamba mashamba yote ya kulinganishia yatafidiwa kwa magunia ya mahindi, kiasi cha mavuno ya kawaida. Imeandikwa kwenye mkataba. Hamtalala njaa.

Najua ninachokuomba. Jikaze kisabuni, Baba yangu.

Mwanao

*

28 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Bibi yako anasema umesahau kuuliza habari za goti lake, na amekusamehe.

Umesema nisiwaguse, sijawagusa. Naamka, naenda, nasimama kwenye tuta nawatazama wanavyokula. Unajua kuwasikia? Mimi simu siisikii, lakini hawa nawasikia. Au labda najidanganya tu kwa hasira. Nilimkuta mmoja mnene amelala juu ya jani mchana kweupe, mkono ukaenda wenyewe. Nikaurudisha mfukoni. Watu wanaopita njiani wanasalimia shamba kabla hawajanisalimia mimi, wanasema pole.

Fundi alikuja jana. Mahindi yake yameliwa kidogo tu, nikamwuliza siri yake. Akacheka hadi akashika mbavu. Anaokota. Upande wetu wote wanaokota, mwanangu, alfajiri, kabla ya kijana wenu kufika, na wengine wamenyunyizia sumu ileile yenye kutoa machozi. Akaniambia, "Mzee, ungali unasubiri nini? Hawa wanapima na kuondoka, tumbo ni lako." Nikamjibu kwamba kwao ni kazi ya watu, kwangu ni kazi ya mwanangu. Akaacha kucheka, akaniangalia kama mtu mgonjwa.

Sikukuandikia haya ili uwachongee. Nataka tu ujue kwamba kuna shamba moja unaloweza kuliamini.

Babako

*

6 Agosti

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Mwezi wa sita kimya, wa saba kimya. Dereva nikimwuliza anasema upo, unakwenda kazini, umevaa viatu vipya. Nikashukuru kwamba u mzima.

Tumevuna, kama neno hilo bado lina maana. Nilichopata kimeingia kwenye ndoo ya kuogea, na nusu ni vibunzi vyenye punje mbili tatu, vya kuwapa kuku. Mahindi ya mradi hayajafika. Kijana wenu alikuja kupima ile ndoo, akaandika, akanikwepa macho.

Bibi yako nimempeleka kwa shangazi yako. Nilimwambia anakwenda kubadilisha hewa. Alifunga nguo zake, na alipofika mlangoni akaacha kanga yake nzuri juu ya kiti, akasema niuze. Sijaiuza. Mbele za watu ninakufa na tai shingoni, nikiulizwa nasema mradi wa mwanangu utaleta.

Utaleta lini?

Babako

*

22 Agosti

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Sikunyamaza kwa kukusahau. Nilinyamaza kwa sababu kila nilichokuwa nacho cha kukuambia kilikuwa kibaya.

Barua yako ya mwezi wa tano nilimwonyesha Profesa, nikaficha jina la Fundi. Nilisema upande wa kulinganishia umevurugika, wameokota na kunyunyizia. Akaniuliza ushahidi, nami nilikuwa na neno la baba yangu tu. Akasema kwa upole wake ule kwamba mtoto hawezi kumleta mzazi wake kuwa shahidi wa utafiti.

Kisha tukapiga hesabu. Mashamba yote ya kulinganishia yalikaribiana, isipokuwa moja lililokuwa chini mno. Kwenye kazi yetu, kitu kikiwa mbali sana na wenzake huhesabiwa kuwa kimeharibika kwa sababu nyingine: udongo mbovu, uzembe, au kosa la kipimo. Kinaondolewa ili kisipotoshe. Shamba lako limeondolewa, Baba. Mkataba ulisema yote, lakini sasa wanasema fidia ni kwa mashamba yaliyomo kwenye ripoti tu. Lako halimo.

Nilibisha. Nilibisha mpaka nikaambiwa nipumzike wiki moja. Niliporudi ripoti ilikuwa tayari, na jina langu ni la pili, chini ya la Profesa. Sikulifuta. Kama ningelifuta wangenifuta na mimi, na hayo majani yanafaa kweli, Baba, hata kwa hesabu mbovu ile yanaonekana yanafaa. Hilo ndilo ninalojiambia.

Nakutumia kitu kidogo kutoka kwenye mshahara wangu kupitia kwa dereva. Kutakuwa na msimu wa pili, nami nimepata ahadi kwamba safari hii utaingia upande wa majani bila kura. Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuzungumze ana kwa ana. Nisamehe.

Mwanao

*

27 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Bibi yako yupo kwa shangazi yako, nasikia anakula vizuri na anawagombeza watoto, kwa hiyo naye mzima.

Barua yako nimeisoma polepole, maana ni ya kitaalamu. Nimeelewa hivi, unirekebishe nikikosea. Walioongopa walifanana. Mimi niliyefanya mlichoagiza nikawa peke yangu. Mkatazama, mkaona mwenye kasoro ni mimi. Mmesema labda ni uzembe. Nimelima shamba lile tangu kabla hujazaliwa, na hilo neno hata marehemu mama yako hakuwahi kunitamkia akiwa amekasirika.

Fundi amepata magunia yake ya fidia. Ana mahindi aliyovuna, na ana mahindi ya kufidia hayohayo aliyovuna. Ni mtu mwema, hakuja kunicheka. Alikuja kukodi shamba langu. Shamba nimempa kwa misimu miwili, naye amenipa magunia mawili kati ya yale ya mradi wenu. Kwa hiyo usihangaike, fidia imefika, imepitia mlango wa jirani tu. Pesa zako nimemrudishia dereva. Huo msimu wa pili muwatafute wenye mashamba.

Nimefikiri sana ni wapi nilipojikwaa. Angekuja mtaalamu mwingine na kofia yake, mgeni, ningemwitikia ndiyo bwana, kisha asubuhi ningetoka na kopo langu kama wenzangu, tungekula, na Bibi yako angekuwa hapa. Nilikuwa mkweli kwa sababu ni wewe. Sijui nikulaumu vipi kwa hilo, na nimejaribu.

Jumamosi usije. Sikufukuzi, nyumba ni yako. Lakini ukija utakuja na kikapu cha chakula, nakujua, na mimi sitaweza kukaa kwenye kiti changu nikatazama mwanangu anaingia kwangu amebeba chakula chake mwenyewe. Nikipata cha kukupikia nitakuandikia. Usihesabu itakuwa lini.

Babako