Bakteria Wangu wa Kiseke

Jumatatu, 10 Februari 1997

Baiskeli tena hadi Mkolani, mpira wa ndani wa tairi la lori begani. Nimeujaza gesi kwenye mtambo wa samadi wa Mwalimu Lubango, nikarudi nao Kiseke. Pale Buzuruga wapiga debe wamenipigia kelele: "Msomi, unakwenda kuogelea?"

Wacheke. Hawajui kwamba mpira ule umebeba methani, gesi itokayo kwenye samadi na matope ya ziwa, ikapanda angani kuipasha dunia joto. Hawajui kwamba chumbani kwangu, ndani ya chupa tano, wamo bakteria wanaoila. Wanaila, wanaongezeka, wanakuwa protini. Ukiwakausha, ni chakula cha kuku.

Miezi mitano nimewalea, tangu nilipowatoa kwenye tope la ziwa, mara tu chuo kiliponisimamisha masomo kwa kuongoza mgomo wa kupinga karo.

Jumatano, 12 Februari

Dagaa hawashikiki. Wafanyabiashara wa vyakula vya mifugo wanawazoa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kwa magunia, kabla mwanamke mwenye kapu hajafika. Minofu ya sangara inapanda ndege. Sisi tunabakiziwa mapanki, vichwa na mifupa iliyokwisha nyofolewa. Soko huria! Huria kwa nani?

Kuku wakila bakteria wangu, dagaa watarudi kwenye sahani za watu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Bwana Mifugo wa serikali anakuja kuwakagua Ijumaa ya wiki ijayo. Akiridhika, atawaombea tangi kubwa wanawake wafuga kuku wa hapa Kiseke. Asiporidhika, basi. Amesema wazi kwamba hana safari ya pili.

Jumamosi, 15 Februari

Mwalimu Lubango alinifundisha biolojia sekondari. Alinifundisha na siasa pia: ni yeye aliyeniambia kwamba njia kuu za uchumi ni mali ya umma. Leo anauza maziwa hotelini, na juu ya ukuta wa nyumba yake amepachika vipande vya chupa.

Ameniambia, "Acha hata chupa moja hapa kwangu, mwanamapinduzi. Gesi iko mlangoni, wewe unajitesa na baiskeli."

Nimemjibu kwamba jasho langu halibinafsishwi. Amecheka hadi akakohoa.

Namdharau. Gesi yake nachukua, bakteria simpi.

Jumatano, 19 Februari

Kipindupindu kimeingia mitaani. Mabwana afya wanapita nyumba kwa nyumba, wanakagua vyoo na mitungi. Mama hana raha, anafagia uwanja mara tatu kwa siku.

Chupa zangu zimekuwa nyeupe kama uji mwepesi. Zote tano. Sijawahi kuwaona wamestawi hivi. Keshokutwa Ijumaa.

Alhamisi, 20 Februari

Wamekufa. Wote.

Nilikwenda Mkolani kufuata gesi ya mwisho. Niliporudi, mama alinipokea mlangoni, uso umemchangamka.

"Kulwa, yale maji yako yalikuwa yameoza. Nimeyachemsha, nimeyachuja, chupa nimezisugua kwa jivu. Bwana Afya amepita, ametusifu!"

Nilimwita mjinga. Mama yangu mzazi. Nilimwita mjinga kwa sauti ile ya kuhutubia umati, na majirani wakasikia.

Hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza kwa upole: "Maziwa yangu ya mgando yakiharibika, naomba kidogo kwa jirani, Mama Neema, ya kuanzishia mengine. Yake yakiharibika, anakuja kwangu. Wewe, mwanangu, ulimgawia nani?"

Sikumgawia mtu.

Ijumaa, 21 Februari

Bwana Mifugo amekuja saa nne. Wanawake walikuwa wamekwisha kukusanyika uani, wamevaa kanga zao za kanisani. Nilikuwa na chupa tano, safi, zinang'aa.

Nikahutubia. Juu ya ubeberu, juu ya wafadhili na masharti yao, juu ya sangara na tumbo la mnyonge. Amenikatiza katikati: "Ndugu, nimekuja kuona. Hotuba nazisikia redioni." Akafunga daftari lake, akapanda pikipiki.

Hakuna mwanamke hata mmoja aliyenilaumu. Mmoja amenipa pole, kama mtu aliyefiwa. Heri wangenizomea.

Jumapili, 23 Februari

Natafuta wa kumlaani. Serikali, wawekezaji, mabwana afya, mama. Kila jina nikilisimamisha kizimbani, linakaa chini bila hatia. Linabaki langu. Nilihubiri mali ya umma mpaka nikasimamishwa masomo, na mali pekee niliyopata kuwa nayo nikaificha chini ya kitanda changu. Mwalimu Lubango na ukuta wake ni mwanafunzi tu mbele yangu.

Jumapili, 2 Machi

Nilianza upya Jumanne, kwa tope jipya la ziwa. Mwalimu mwenyewe alinishikia ndoo. Hakunitania hata kidogo, na hilo limeniuma.

Chupa nne. Moja ipo kwa Mwalimu, moja kwa Mama Neema, moja kwa katibu wa wafuga kuku. Ya nne ipo hapa. Mama ameifunga kitambaa chekundu shingoni, asije mtu akaichemsha. Neno lile nililomwita hajalitaja tena. Mimi nami sijaweza kumwomba radhi. Kila nikifungua kinywa, inakuja hotuba.

Leo ni siku ya sita. Nimeiinua chupa dirishani, nikautafuta ule weupe wa uji mwepesi.

Maji bado maangavu.